Somo la Kumi na Nne: Nyota Jitu na Mwenzi Wake Asiyeonekana

Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza kwamba Jua ni nyota, na kwamba Dunia na sayari nyingine hulizunguka kwa sababu ya nguvu ya mvutano. Ulijifunza pia kwamba nyota hutofautiana kwa ukubwa, kwa joto na kwa rangi. Katika somo hili utajifunza jinsi wanafalaki, yaani wataalamu wa elimu ya nyota, wanavyogundua kitu ambacho hakitoi nuru yoyote. Utajifunza pia kwa nini mtaalamu mwema hasemi "nimethibitisha" wakati ambapo bado anashuku tu.

1. Maksai mweupe na maksai mweusi

Fikiri kwamba umesimama kando ya shamba la pamba katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Mvua za kwanza zimenyesha, na wakulima wanawahi kulima kwa plau. Mkulima mmoja amechelewa shambani hata giza limeingia. Anawarudisha maksai wake nyumbani, nao wangali katika nira.

Wewe uko mbali. Unamwona maksai mmoja tu, kwa kuwa ni mweupe. Unamtazama, nawe unatambua kwamba hatembei kama mnyama aliye huru. Mara anavutwa upande wa kushoto, mara anarudi kulia, na shingo yake haiwezi kugeuka apendavyo. Je, utasema kwamba maksai huyo yuko peke yake? La. Utasema, "Yuko mwingine katika nira ile. Simwoni kwa sababu ni mweusi na usiku ni wa giza."

Ukiendelea kutazama, utaweza kusema jambo la pili. Ikiwa maksai mweupe anavutwa kwa nguvu na kuyumba sana, mwenzake ni mzito. Ikiwa anayumba kidogo tu, mwenzake ni mwepesi. Kwa hiyo, bila ya kumwona, umejua kwamba mwenzake yupo, tena umeanza kuukadiria uzito wake.

Lakini liko jambo la tatu ambalo hujalijua bado. Je, huyo asiyeonekana ni maksai kweli? Huenda ni punda mweusi. Kuyumba kwa maksai mweupe hakutoshi kukujibu. Itakubidi utafute ushahidi mwingine: usikilize sauti, au asubuhi uende ukatazame nyayo. Yakumbuke mambo haya matatu, kwa maana wanafalaki huyafuata hayo hayo wanapochunguza nyota.

2. Nyota ziendazo mbili mbili

Nyota nyingi angani haziko peke yake kama Jua letu. Ziko mbili mbili, na kila moja huivuta nyingine. Watu wengi hudhani kwamba nyota ndogo huizunguka ile kubwa, na ile kubwa hukaa imetulia. Sivyo. Nyota zote mbili huzunguka mahali pamoja palipo kati yao. Nyota nzito huwa karibu na mahali hapo, na nyota nyepesi huwa mbali. Fanya jaribio lifuatalo ili ulione jambo hili mwenyewe.

Jaribio la kwanza

Vifaa: fimbo nyembamba na nyepesi yenye urefu wa karibu mita moja, tochi ndogo, jiwe zito kuliko tochi, jiwe jepesi kuliko tochi, kamba, na karatasi nyeupe.

Hatua:
(a) Funika kioo cha tochi kwa karatasi nyeupe ili mwanga usambae pande zote. Ifunge tochi kwenye ncha moja ya fimbo, na jiwe zito kwenye ncha ya pili. Kaza vizuri.
(b) Funga kamba kwenye fimbo, kisha isogeze mpaka fimbo ilale sawasawa bila kuinama upande wowote. Mahali hapo ndipo kitovu cha uzito. Pima umbali wake kutoka kwenye tochi na kutoka kwenye jiwe.
(c) Itundike fimbo kwenye tawi la mti. Giza likiingia, washa tochi na uizungushe fimbo polepole. Wenzako wasimame hatua ishirini kutoka hapo, ili jiwe lisiwaumize endapo kamba itafunguka, nao watazame mwendo wa mwanga.
(d) Ondoa jiwe zito, funga jiwe jepesi mahali pake, tafuta kitovu cha uzito upya, kisha zungusha tena.

Wenzako wameona nini? Mara ya kwanza mwanga ulizunguka katika duara kubwa. Mara ya pili ulizunguka katika duara dogo. Mara zote mbili jiwe halikuonekana gizani, lakini mwendo wa mwanga ulieleza habari zake.

Ipo kanuni inayoeleza jambo hili. Ukizidisha uzito wa kitu kwa umbali wake kutoka kwenye kitovu cha uzito, jibu huwa sawa kwa pande zote mbili. Tuseme tochi ina gramu 300 na iko sentimita 60 kutoka kwenye kitovu. Jiwe liko sentimita 20 upande wa pili. Basi 300 × 60 ni 18,000. Gawanya 18,000 kwa 20, utapata 900. Jiwe lina gramu 900. Umelipima jiwe bila kuliweka katika mizani. (Hapa hatukuhesabu uzito wa fimbo yenyewe, kwa kuwa ni mwepesi.)

3. Nyota ya Sirius

Mtu wa kwanza kuitumia njia hii kwa nyota alikuwa Friedrich Bessel wa Ujerumani. Aliichunguza Sirius, nyota inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Ukiwa Bariadi unaweza kuiona kwa urahisi mwezi wa Februari. Toka nje saa 3 usiku, utazame juu sana, karibu na utosi, kisha kidogo upande wa kusini. Nyota nyeupe inayometameta kuzidi nyingine zote ndiyo Sirius.

Nyota zote hujongea angani, ingawa kwa kuwa ziko mbali sana hatuuoni mwendo huo kwa macho. Nyota iliyo peke yake hujongea kwa mstari ulionyooka. Vipimo vya miaka mingi vilionyesha kwamba Sirius inakwenda ikiyumba, mithili ya njia ya nyoka mchangani. Mwaka 1844 Bessel alieleza kwamba Sirius inavutwa na mwenzi asiyeonekana. Alifariki mwaka 1846 bila ya mtu yeyote kumwona mwenzi huyo. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark wa Marekani alikuwa akijaribu lenzi mpya ya darubini kubwa. Alipoielekeza kwenye Sirius, aliona kando yake kinukta hafifu cha nuru. Kilikuwa mahali hasa ambapo hesabu zilionyesha kwamba lazima pawe na kitu. Nyota hizo mbili huzungukana kwa muda wa karibu miaka 50.

Bessel hakuwa mbashiri. Alipima, akahesabu, kisha akasubiri ushahidi.

4. Nyota jitu katika kundi la Cygnus

Sasa tutazame nyota nyingine ambayo mwenzi wake hajaonekana katika darubini yoyote inayotazama nuru ya kawaida.

Mwezi wa Agosti au Septemba, pamba ikiwa imekwisha kuvunwa na anga ya Simiyu ikiwa haina mawingu, nenda mbali na taa saa 3 usiku. Tazama upande wa kaskazini, karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Utaona nyota kadhaa zilizopangika kama msalaba uliopinduliwa kichwa chini. Nyota ing'aayo iliyo upande wa chini wa msalaba huitwa Deneb. Kundi hilo zima la nyota huitwa Cygnus, na watu wa kale wa Ulaya walilifananisha na ndege mkubwa wa majini mwenye shingo ndefu.

Katika mti mrefu wa msalaba huo iko nyota ambayo wanafalaki waliiandika kwa namba: HDE 226868. Usiitafute kwa macho matupu, maana ni hafifu mno. Hata hivyo uhafifu huo unatudanganya. Karabai iliyo mbali hufifia kuliko koroboi iliyo karibu nawe. Nyota hii ni jitu. Rangi yake ni ya buluu, maana ni ya moto sana. Upana wake ni zaidi ya mara 20 ya upana wa Jua, na maada yake ni karibu mara 40 ya maada ya Jua. Inaonekana hafifu kwa sababu iko mbali: nuru yake husafiri karibu miaka 7,200 kabla ya kutufikia. Nuru iendayo kilomita 300,000 kila sekunde! Vilevile mavumbi yaliyotanda kati ya nyota huizuia sehemu ya nuru hiyo.

5. Setilaiti iliyoitwa Uhuru

Habari za mwenzi wa nyota hii zilianza kujulikana kwa msaada wa eksirei. Bila shaka umesikia juu ya eksirei hospitalini. Ni mionzi isiyoonekana, ipenyayo nyama na kuonyesha mifupa. Vitu vyenye joto la mamilioni ya nyuzi huko angani hutoa mionzi hiyo pia. Lakini hewa inayoizunguka Dunia huizuia, nayo haifiki ardhini. Hili ni jambo jema kwa afya yetu, ila humlazimu mtaalamu kupeleka vyombo vyake juu ya hewa.

Mwaka 1964 vyombo vilivyorushwa kwa roketi huko Marekani vilipokea eksirei kutoka upande wa Cygnus. Chanzo chake kiliitwa Cygnus X-1. Lakini roketi ile ilikaa juu kwa dakika chache tu, kisha ikaanguka. Palihitajika chombo kitakachokaa juu kwa miaka.

Chombo hicho kilirushwa kutoka Afrika ya Mashariki. Katika pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi, Waitalia walisimamisha jukwaa la chuma baharini liitwalo San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliruka kutoka jukwaani hapo ikibeba setilaiti ya Marekani. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wananchi wa Kenya, setilaiti hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani peke yake.

Fungua ramani ya Afrika ya Mashariki. Weka rula juu ya mji wa Bariadi, ambao uko karibu nyuzi 3 kusini ya Ikweta. Ifuate rula kuelekea mashariki mpaka baharini, karibu kilomita 690. Utafika karibu na mahali lilipokuwa jukwaa la San Marco, kwani mahali hapo napo pako karibu nyuzi 3 kusini ya Ikweta. Kwa nini roketi ilirushwa kutoka huko? Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na mwendo wa ardhi huwa mkubwa zaidi kwenye Ikweta: karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi irukayo kuelekea mashariki kutoka mahali pa namna hiyo husaidiwa na mwendo huo, nayo huhitaji fueli kidogo zaidi.

Setilaiti ya Uhuru iliizunguka Dunia karibu mara 15 kwa siku, daima ikiwa karibu na Ikweta. Hivyo ilipita tena na tena katika anga ya Afrika ya Mashariki. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha ya mwisho ya vyanzo vya eksirei ilivyovipata ilikuwa na vyanzo 339.

Uhuru iligundua jambo la ajabu juu ya Cygnus X-1. Eksirei zake hazikuwa shwari kama nuru ya Jua. Zilipanda na kushuka ghafula, mara kadhaa katika sekunde moja. Jambo hilo lina maana kubwa. Kitu kikubwa hakiwezi kubadili mng'ao wake wote kwa ghafula, kwa sababu nuru itokayo upande wake wa mbali huchelewa kutufikia kuliko ile ya upande wa karibu. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde nuru husafiri kilomita 30,000. Kwa hiyo chanzo kinachobadilika kwa haraka hivyo hakiwezi kuwa na upana uzidio sana kilomita 30,000. Upana wa Jua ni karibu kilomita 1,400,000. Basi chanzo cha eksirei hizo kilikuwa kidogo mno kuliko Jua.

6. Nuru hueleza mwendo

Mwaka 1971 wanafalaki waliotumia mawimbi ya redio walipaonyesha mahali pa Cygnus X-1 kwa usahihi zaidi. Mahali hapo palikuwa na ile nyota jitu ya buluu. Lakini nyota ya aina hiyo haiwezi kutoa eksirei nyingi kiasi hicho. Je, ilikuwa na mwenzi? Ili kujua, ilibidi kupima kama inayumba.

Kuyumba kwa nyota iliyo mbali hivyo ni vigumu kuonekana. Ipo njia nyingine. Simama kando ya barabara itokayo Lamadi kwenda Bariadi, mahali palipo salama, usikilize basi linalopita likipiga honi. Linapokuja, sauti ya honi huwa nyembamba. Likishakupita, sauti hiyo hiyo huwa nzito. Mtu aliyefumba macho anaweza kujua kama basi linakuja au linakwenda.

Nuru nayo hufanya vivyo hivyo. Nuru ya nyota ikipita katika mche wa kioo hutawanyika na kuwa mkanda wa rangi kama upinde wa mvua. Katika mkanda huo iko mistari myembamba myeusi. Nyota ikitujia, mistari husogea kidogo kuelekea rangi ya buluu. Nyota ikienda mbali nasi, mistari husogea kuelekea rangi nyekundu.

Louise Webster na Paul Murdin waliokuwa Uingereza, na Tom Bolton aliyekuwa Kanada, waliipima mistari ya nyota HDE 226868. Bolton alifanya kazi yake peke yake, na hao wawili walifanya yao. Wote walipata jibu moja. Mistari ilisogea upande wa buluu, ikarudi upande wa nyekundu, kisha ikaanza tena, kila baada ya siku 5.6. Jitu lile zito lilikuwa likizungushwa na kitu fulani kwa muda usiofikia juma moja!

7. Kutoka kushuku hadi kuthibitisha

Sasa fikiri kama mwanafalaki. Weka ushahidi wako kwa mpangilio.

(a) Nyota jitu inazungushwa. Kwa hiyo ina mwenzi.
(b) Nyota jitu ni nzito sana, nayo inazungushwa kwa kasi kubwa. Kwa hiyo mwenzi naye ni mzito. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vinaonyesha kwamba maada yake ni karibu mara 21 ya maada ya Jua.
(c) Nyota ya kawaida yenye maada nyingi hivyo ingewaka kwa nuru kali, na nuru yake ingeonekana. Haionekani. Kwa hiyo mwenzi si nyota ya kawaida.
(d) Eksirei hubadilika kwa haraka. Kwa hiyo mahali zinapotoka ni padogo mno.

Kitu kizito kuliko Jua mara 21, kidogo kuliko Jua, tena kisichotoa nuru ya nyota, kinaweza kuwa nini? Jibu linalolingana na ushahidi wote ni shimo jeusi. Shimo jeusi si shimo la kuchimbwa, wala si mahali patupu. Ni maada nyingi mno iliyogandamana mahali padogo. Mvutano wake ni mkubwa kiasi kwamba hata nuru haiwezi kutoka. Mashimo ya namna hii hutokea nyota kubwa sana inapokwisha fueli yake na kujiangukia yenyewe.

Lakini ikiwa nuru haitoki, eksirei hutoka wapi? Hutoka nje ya shimo. Gesi ya nyota jitu huvutwa na mwenzi wake. Kabla ya kutumbukia, huzunguka kwa kasi kama maji yanayoingia katika bomba la karo, hupata joto la mamilioni ya nyuzi, nayo huangaza eksirei.

Usiogope kwamba shimo hilo litaimeza Dunia. Liko mbali mno. Tena, ukiwa mbali nalo, shimo jeusi huvuta sawasawa na nyota yoyote yenye maada kama yake.

8. Pembe Moja na Twiga

Angalia sasa jinsi kushuku kunavyoweza kukosea. Mwaka 2021 wanafalaki walitangaza habari za nyota jitu nyekundu, hafifu, iitwayo V723, katika kundi la Monoceros, ambalo jina lake ni la mnyama wa hadithi mwenye pembe moja. Nyota hiyo ilizungushwa kila baada ya siku 60 na mwenzi asiyeonekana, mzito kuliko Jua karibu mara tatu. Ilidhaniwa kwamba mwenzi huyo ni shimo jeusi, na magazeti mengi yakaeneza habari hiyo. Jitu jingine la namna hiyo lilikuwa katika kundi la Camelopardalis, yaani Twiga, mnyama aliye nembo ya taifa letu.

Mwaka 2022 Kareem El-Badry na wenzake waliichunguza upya nuru ya nyota hizo. Waliitenganisha kwa uangalifu, wakakuta kwamba ndani yake mna nuru za nyota mbili zilizochanganyika. Mwenzi alikuwa nyota ya kawaida iliyofichwa na mng'ao wa jitu. Jitu lenyewe lilikuwa jepesi kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu lilikuwa limekwisha kunyang'anywa sehemu kubwa ya gesi yake. Jitu jepesi huyumbishwa kwa urahisi, hata na mwenzi asiye mzito sana. Katika nira ile palikuwa na punda, wala hapakuwa na maksai.

Mmoja wa waandishi wa uchunguzi huo wa pili alikuwa Tharindu Jayasinghe, ambaye ndiye aliyeongoza ule wa kwanza. Hakuificha kweli ili kulinda sifa yake. Alishirikiana na wenzake kuitafuta. Hivyo ndivyo sayansi inavyosonga mbele.

9. Jitu la kundi la Tai

Mwaka 2024 ulileta habari nyingine. Rudi nje usiku ule ule wa Septemba. Safari hii tazama juu sana, karibu na utosi. Utaiona nyota ing'aayo iitwayo Altair, katika kundi la Aquila, maana yake Tai. Katika kundi hilo iko nyota jitu hafifu isiyoonekana kwa macho matupu, umbali wa karibu miaka 2,000 ya mwendo wa nuru. Setilaiti ya Gaia, iliyorushwa na nchi za Ulaya mwaka 2013, ilipima mahali pa nyota hiyo kwa miaka kadhaa. Iliikuta inayumba, kama vile Sirius ilivyoyumba katika vipimo vya Bessel. Huzunguka mara moja kwa karibu miaka 11.6. Mwenzi wake ana maada karibu mara 33 ya Jua, wala hatoi nuru yoyote iliyoonekana. Kisha darubini za ardhini ziliupima mwendo wa nyota hiyo kwa njia ya mistari ya rangi, nazo zikatoa jibu lile lile. Njia mbili tofauti zilipokubaliana, wanafalaki walitangaza kwamba mwenzi huyo ni shimo jeusi.

Jambo la kukumbuka: Kitu kisichoonekana hujulikana kwa kazi yake juu ya kitu kinachoonekana. Ushahidi mmoja huleta kushuku. Ushahidi wa njia mbalimbali unaokubaliana huleta uhakika.

Muhtasari

Nyota nyingi huwa mbili mbili, nazo huzunguka kitovu cha uzito kilicho kati yao. Mwenzi asiyeonekana hugunduliwa kwa kuyumba kwa nyota inayoonekana, kwa kusogea kwa mistari katika rangi za nuru yake, na pengine kwa eksirei. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka pwani ya Kenya mwaka 1970, ilisaidia kugundua kwamba nyota jitu HDE 226868 ina mwenzi aliye shimo jeusi. Nyota V723 ilidhaniwa kuwa na mwenzi wa namna hiyo, lakini uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwenzi wake ni nyota ya kawaida.

Maneno mapya

Eksirei: mionzi isiyoonekana, ipenyayo vitu vingi laini.
Kitovu cha uzito: mahali ambapo vitu viwili vilivyounganishwa hulingana.
Maada: kila kitu chenye uzito na kinachochukua nafasi.
Mwanafalaki: mtaalamu wa elimu ya nyota.
Nyota jitu: nyota iliyo kubwa mno kuliko Jua.
Shimo jeusi: maada iliyogandamana mno, ambayo hata nuru haiwezi kutoka kwake.

Maswali

1. Kwa nini nyota HDE 226868 huonekana hafifu ingawa ni jitu?
2. Eleza kwa nini setilaiti ilihitajika ili kuchunguza eksirei za Cygnus X-1.
3. Taja sababu moja iliyofanya pwani ya Kenya ifae kwa kurushia roketi.
4. Chanzo cha nuru hubadilika katika sehemu moja ya mia ya sekunde. Upana wake hauwezi kuzidi sana kilomita ngapi?
5. Tochi ya gramu 200 iko sentimita 45 kutoka kwenye kitovu cha uzito. Jiwe liko sentimita 15 upande wa pili. Jiwe lina gramu ngapi?
6. Mistari ya nyota imesogea kuelekea rangi nyekundu. Je, nyota inatujia au inakwenda mbali nasi?
7. Nyota V723 ilishukiwa kuwa na shimo jeusi. Wanafalaki walikosea wapi, na kosa hilo liligunduliwaje?
8. Chora nyota mbili, moja nzito na moja nyepesi. Onyesha kitovu cha uzito na njia ya kila moja.

Kazi ya kufanya nyumbani

Waulize wazee wa kijijini kwenu majina ya nyota wanazozijua kwa lugha yenu, pamoja na Kilimia, ambacho wakulima wamekitumia tangu zamani kutambua majira ya kulima. Andika kila jina, mwezi ambao nyota hiyo huonekana, na upande wa anga ilipo. Kisha, kwa muda wa majuma mawili, toka nje kila usiku usio na mawingu saa ile ile, uhakikishe mwenyewe uliyoambiwa. Andika uliyoyaona peke yake. Ikiwa hukuona kitu, andika kwamba hukukiona.